Unyeti wa joistiki uguswe mwisho

Mtu akisema ndege yake ya abiria inayumba kwenye simuleta (programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta), ushauri wa kwanza anaopewa ni "punguza unyeti wa joistiki". Ushauri huo naupinga. Ukianza kuukunja mstari wa unyeti (grafu inayopanga ndege iitikie mkono wako kwa kiasi gani) kabla ya kujua tatizo liko wapi, unaficha hitilafu moja na kujiongezea ya pili.

Kwanza hakikisha hitilafu ipo kweli. Chukua A320 ya Airbus. Ukiilaza nyuzi 25 kisha ukaachia joistiki, inabaki imelala vilevile. Wengi huona hiyo ni kasoro, kumbe ndivyo ilivyoundwa. Zikiwa katika hali ya kawaida, kompyuta za Airbus huusoma mkono wako kama agizo la kasi ya kulala, isiyozidi nyuzi 15 kwa sekunde. Ukiachia, umeagiza sifuri. Ukivuka nyuzi 33 kisha ukaachia, ndege inarudi yenyewe hadi 33. Ukishikilia hadi mwisho haipiti 67. Pua nayo hubaki pale ulipoiweka, kwa kuwa trimu, yaani mpangilio unaoishikilia pua bila mkono wako kuvuta, inajipanga yenyewe. Basi Airbus hurushwa kwa kugusa na kuachia. Ukiing'ang'ania joistiki na kusahihisha kila mtikisiko, wewe ndiye unayeiyumbisha.

Wakati wa kutua, kompyuta hukariri mkao wa pua kwenye futi 50, na kuanzia futi 30 huanza kuishusha polepole ili ulazimike kuvuta kama kwenye ndege nyingine yoyote. Pua kuzama hapo si kosa la kifaa chako.

737-800 ya Boeing ni habari nyingine kabisa. Ukibadilisha mwendo, flapsi (vibawa vya nyuma ya bawa) au nguvu ya injini, unapanga trimu mwenyewe, na kwa kuwa injini ziko chini ya mabawa, kuongeza nguvu huinua pua. Hapa joistiki ya nyumbani ina upungufu wake: springi yake hurudi katikati daima, wala trimu haiwezi kukupunguzia uzito mkononi kama kwenye usukani halisi. Njia sahihi ni kuishikilia pua kwa mkono, kupiga trimu kidogo kidogo, na kuurudisha mkono katikati kadiri trimu inavyoshika. Anayeachia kwanza ndipo apige trimu ataifukuza pua safari nzima. Kwenye 787, ambayo Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, swichi ya trimu huweka mwendo wa rejea, yaani mwendo ambao ndege hujitahidi kuushika: badilisha mwendo, upange trimu upya.

Ukishajiridhisha kwamba hitilafu ni ya kweli, anzia nje ya simuleta. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, fungua sifa za joistiki, kisha ondoa mkono. Alama ya msalaba ikicheza yenyewe, kuna vumbi au kipimo cha ndani kimechakaa. Ongeza ukanda wa katikati unaopuuzwa, lakini uishie pale kucheza kwa alama hiyo kunapofunikwa. Mara nyingi asilimia 3 hadi 5 hutosha.

Halafu tazama vifaa vilivyogawiwa kazi moja. Padi ya michezo iliyosahaulika kwenye USB inaweza kuwa imepewa pua ya ndege bila wewe kujua. Ndege ikivuta upande mmoja ardhini, huenda pedali na joistiki ya kuzungusha zote zinaendesha usukani wa mkia. Chomoa kila kitu, ubaki na joistiki, kisha rudisha kimoja kimoja.

Kwenye Microsoft Flight Simulator zima misaada yote ya urubani, hasa ile ya trimu na ya usukani wa mkia. Msaada wa trimu ukigombana na kompyuta za Airbus, pua hupanda na kushuka bila kutulia. Dalili kama hiyo huletwa pia na fremu chache (picha ambazo kompyuta huchora kila sekunde), kwa sababu hesabu za kompyuta ya ndege huchelewa. Punguza mawingu na msongamano wa uwanja. Pua ikitulia, joistiki haina hatia. X-Plane nayo, simuleta nyingine, fremu zikishuka chini ya takriban 20 kwa sekunde, hupunguza kasi ya muda wenyewe, na ndege huhisi nzito ajabu.

Uwanja nao huhusika. Jomo Kenyatta iko kwenye mwinuko wa futi 5,330 hivi. Ukiikaribia kwa noti 140 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipimo, siku ya nyuzi joto 20 mwendo halisi ni kama noti 155. Bila upepo, mteremko uleule wa nyuzi 3 unadai kushuka futi 820 hivi kwa dakika, badala ya 740 za Dar es Salaam. Ardhi inakuja haraka zaidi, na hakuna unyeti utakaoliondoa hilo.

Ndipo sasa uguse unyeti. Kwa Airbus anza na mstari ulionyooka. Kwa 737 yenye joistiki fupi, kukunja kwa asilimia 20 hadi 30 kunakubalika. Jaribu hewa ikiwa tulivu, uzito uleule, na ubadilishe kitu kimoja tu kila mara.