Undugu wa miji na kile kipengele cha tatu

Watu wa Prague walikuwa wanasubiri panda. Machi 2016, Rais Xi Jinping alipoitembelea Jamhuri ya Cheki, jiji hilo lilitia saini mkataba wa miji dada na Beijing, na miongoni mwa matumaini yaliyouzunguka mkataba ule ni kwamba bustani ya wanyama ya Prague ingepata panda. Panda hakuja. Alikuja kakakuona, tena kutoka kwingine kabisa. Nakikumbuka kisa hiki kila ninapoona picha ya madiwani wetu wamejipanga na wageni, vibendera mezani, kalamu mkononi, tabasamu hadi jino la mwisho.

Mkataba ule ulikuwa na yale ya kawaida ya mikataba ya namna hii. Halafu ulikuwa na kipengele cha tatu. Hicho kiliitaka Prague itamke kwamba inaiheshimu sera ya China Moja na kwamba Taiwan ni sehemu isiyotenganika ya China. Jiji! Kazi ya jiji ni tramu, taka, mabomba ya maji na taa za barabarani. Meya gani anaamka asubuhi akakuta mezani kwake faili la mipaka ya nchi za Asia?

Novemba 2018 akaingia meya mpya, Zdeněk Hřib, daktari kwa taaluma, wa Chama cha Maharamia (ndilo jina lao, wamejichagulia wenyewe). Enzi za uanafunzi aliwahi kwenda Taiwan kwa mafunzo ya vitendo. Hakukaa sana ofisini kabla hajajaribiwa: kwenye mkutano wake na wanadiplomasia, balozi wa China alimtaka amtoe mwakilishi wa Taiwan. Mgeni anamwambia mwenye nyumba amfukuze mgeni mwenziwe. Hřib akakataa. Machi 2019 bendera ya Tibet ikapandishwa kwenye jengo la jiji, mwezi ambao Watibeti huadhimisha maasi yao ya 1959 dhidi ya utawala wa China. Kisha meya akaomba jambo moja tu kwa Beijing: kipengele cha tatu kitoke, mengine yote yabaki.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana kisa hiki husimuliwa kana kwamba Prague iliamka na hasira za haki za binadamu ikavunja undugu. Sivyo. Prague iliomba kuendelea na undugu huo huo, bila kulazimishwa kusema neno lisilo lake. Beijing ndiyo iliyoona kwamba bila neno lile hakuna undugu. Oktoba 2019, ndani ya siku chache tu, Prague ikapiga kura ya kuuvunja mkataba na Beijing nayo ikatangaza kuwa imeukata, kama wapenzi wawili wanaogombania nani alimwacha mwenziwe kwanza.

Bili ililetwa kwa wanamuziki. Okestra ya Prague Philharmonia ilikuwa na ziara ya China, ziara ikafutwa. Vikundi vingine vyenye neno Prague kwenye jina navyo vikafungiwa milango. Mpiga fidla aliyefanya mazoezi miezi kadhaa hakupanga mkataba, hakuuvunja, wala hakuna aliyemwuliza Taiwan ni ya nani. Ninao marafiki wanaosema hiyo ndiyo sababu miji isiguse mambo haya kabisa: wakubwa wakinuniana, anayeumia ni mwanafunzi aliyekosa nafasi ya kubadilishana, ni muuguzi aliyekuwa aende kujifunza, ni huyo mpiga fidla. Wana hoja, nami siwezi kuipuuza. Lakini nawauliza: ni nani aliyezifuta zile tamasha? Sio meya wa Prague.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Januari 2020, Prague ikatia saini undugu na Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Kesho yake Shanghai ikakata uhusiano wake na Prague. Na mwaka 2022 bustani ya wanyama ya Taipei ikapeleka Prague kakakuona wawili, ambao Februari 2023 walipata mtoto, wa kwanza kuzaliwa Ulaya katika bustani ya wanyama. Wacheki walimwita kwa jina lenye maana ya koni ya msonobari, kwa vile magamba yake yanafanana nayo. Kwetu kakakuona akionekana kijijini, wazee humwekea maji, unga na silaha, watu wakakusanyika kuangalia ataelekea wapi, waujue mwaka ujao ni wa mvua, wa chakula au wa vita. Sidhani kama kuna Mcheki aliyefikiria kumjaribu.

Sasa nisieleweke vibaya. Mimi si katika wanaotaka kila jiji livunje undugu na jiji la nchi yenye madhambi. Tukianza hesabu hiyo hatabaki mtu mezani. Hata sisi tutaitwa. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliusimamisha mkopo wa elimu wa dola milioni 300 uliokuwa uje Tanzania, na mojawapo ya sababu ilikuwa kuwazuia wasichana waliopata mimba wasirudi shuleni. Tulikasirika, tukasema tunaingiliwa. Novemba 2021 serikali yetu wenyewe ikaliondoa lile katazo. Kwa hiyo aliyetusema hakuwa adui, ingawa ninakiri kuwa kusemwa na mwenye pesa kunauma kuliko kusemwa na jirani.

Ndiyo maana ninapofikiria undugu wa miji, nafikiria utani. Mpare na Mchaga wanatukanana hadi msibani. Mtani anaingia ukiwa umekaa na machozi, anamsema marehemu ubahili wake mbele ya jeneza, na huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye umekosa adabu. Kisha mtani huyo huyo anashika jembe kwenda kuchimba kaburi. Uhusiano wa namna hiyo unabeba ukweli mzito kwa sababu umejengwa kuubeba. Mkataba wa Prague na Beijing ulijengwa kinyume chake: ulianza kwa kumwambia mwenzako kile ambacho hatakisema.

Ukipima kwa kipimo hicho, kisa cha Osaka ya Japani na San Francisco ya Marekani kinageuka. Miji hiyo ilikuwa dada tangu 1957, zaidi ya miaka 60. Mwaka 2017 sanamu ikasimamishwa San Francisco: wasichana watatu walioshikana mikono, Mchina, Mkorea na Mfilipino, kuwakumbuka wanawake waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kando yao amesimama Kim Hak-sun, mwanamke wa Korea ambaye mwaka 1991 alijitokeza hadharani na kusimulia yaliyompata. Jiji la San Francisco likaipokea sanamu kama mali yake. Meya wa Osaka, Hirofumi Yoshimura, akataka lisiipokee, na Oktoba 2018 akaandika barua ya kuuvunja undugu. Silaha ni ile ile iliyotumika Prague, ila safari hii aliyeondoka ndiye aliyedai kimya. Miaka 60 ya kutembeleana haikutosha kuvumilia wasichana watatu wa shaba.

Kuna kisa kimoja kinachonisumbua kwenye kipimo changu. Gothenburg ya Sweden ilikuwa na mkataba na Shanghai tangu 1986, na mwaka 2020 haikuuhuisha. Februari ya mwaka huo mahakama ya China ilikuwa imemhukumu Gui Minhai, muuza vitabu mwenye uraia wa Sweden, kifungo cha miaka 10. Hapo hakuna kipengele kilichomziba meya mdomo. Ni raia wa nchi yako yuko gerezani, na wewe unaombwa utume kwaya. Mimi nisingeituma.

Turudi nyumbani. Mwanza ina undugu na Würzburg ya Ujerumani tangu 1966. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010, na pale Hamburg, karibu na bandari, upo uwanja unaoitwa Dar-es-Salaam-Platz. Bandari hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa makao ya kampuni ya meli iliyoanzishwa mwaka 1890 kwa ajili ya safari za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Na katika kitongoji cha Jenfeld kuna bustani waliyoipa jina la Tanzania, ambamo zimewekwa sanamu za ukutani za askari wetu wakiongozwa na Mjerumani, na za wapagazi, zilizotoka kwenye kambi ya jeshi iliyokuwa na jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la koloni hilo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Undugu ambao ungenipendeza ni ule ambao meya wa Dar anaweza kwenda Jenfeld, asimame mbele ya zile sanamu, aseme kwa sauti alichokiona, kisha jioni wale chakula pamoja. Na ambao meya wa Hamburg anaweza kuja Ukumbi wa Karimjee akatuuliza jambo letu linalotuuma, nasi tukamjibu bila kumwita beberu.

Mwezi uliopita nilikutana na diwani mmoja tunayefahamiana tangu shule. Yeye hukaa kwenye vikao vinavyopitisha mikataba ya namna hii na jiji fulani la mbali. Nikamsimulia habari za Prague mwanzo hadi mwisho, panda kwa kakakuona, kisha nikamwuliza mkataba wao kipengele cha tatu kinasemaje.

Akacheka hadi akaweka chai chini. "Ndugu yangu," akasema, "cha tatu unaniuliza, hata cha kwanza sijakiona."