Saratani ya mapafu, uvimbe kwenye figo: je, kinyama kichukuliwe?

Mgonjwa ana saratani ya mapafu, kipimo cha CT kinaonyesha uvimbe kwenye figo. Hapo madaktari hugawanyika. Wapo wanaosema ugonjwa umeshasambaa, tiba ianze. Wengine wanataka sindano ipitishwe mgongoni, kinyama cha figo, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kipelekwe maabara.

Wa kwanza wana hoja nzito. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, kwa hiyo kuzitoboa kunaweza kuvujisha damu. Tena, kama ini na mifupa vimeshaguswa, na kuna vivimbe vidogo vingi kwenye figo zote mbili, picha inatosha kuelekeza. Mtu aliyeishiwa pumzi kumlaza kifudifudi kwa jibu lisilobadilisha tiba yake ni kumtesa bure.

Lakini uvimbe ukiwa mmoja, nawaunga mkono wa pili bila kusita. Saratani ya figo nayo husambaa mapafuni, kwa hiyo chanzo kinaweza kuwa huko huko chini. Mgonjwa anaweza pia kuwa na saratani mbili zisizohusiana, maana sigara huchochea zote mbili. Na huku kwetu tusiisahau TB, inayoshika mapafu na figo vilevile.

Kukosea hapa kuna gharama kubwa. Saratani ya figo haisikii kemotherapia ya kawaida. Ikiwa bado haijasambaa, upasuaji unaweza kuiponya. Kwa upande mwingine, ukitoa figo kumbe uvimbe ulitoka mapafuni, umempunguzia mgonjwa uwezo wa kustahimili sisplatini, dawa ya saratani ya mapafu inayoelemea figo.

Maabara hutofautisha kwa rangi zinazonasa protini. Protini iitwayo TTF-1 huonekana katika adenokasinoma nyingi za mapafu (saratani inayoanzia kwenye seli za tezi), na ile iitwayo PAX8 katika saratani nyingi za figo. Alama moja haitoshi: napsini A, protini nyingine inayohusishwa na mapafu, hujitokeza pia katika baadhi ya saratani za figo.

Familia nyingi hulipia vipimo hivi mfukoni, na majibu huchelewa. Ndiyo maana kabla ya sindano ya pili ningependa daktari aulizwe kama kinyama cha mapafu kilichokwisha kuchukuliwa kimehifadhiwa, na kama kinaweza kupimwa PAX8. Hakitafichua saratani mbili tofauti, ila kinaweza kuonyesha kama ya mapafuni ilianzia kwenye figo.