Mzee Anayesahau Apewe Harufu Kabla ya Picha

Hapa Mtwara, bibi au babu akianza kupoteza kumbukumbu, kitu cha kwanza kutolewa ni picha. Simu inasogezwa usoni: "Babu, huyu nani?" Babu anakaza macho, anatabasamu kwa adabu, anasema ni mtoto mzuri. Wajukuu wanatazamana, kisha wanauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Huu ni mtihani tunaompa mzee kila Idi na kila likizo, na kila mara anatoka amenyong'onyea. Mimi nasema tuanzie puani.

Sababu iko kwenye maumbile yetu. Yale tunayoyaona na kuyasikia hupitia kwanza kituo kilicho katikati ya ubongo, kiitwacho thalamasi, ndipo yasambazwe kwingine. Harufu haisubiri kupita hapo. Ikigusa vipokezi vilivyo juu kabisa ndani ya pua, ishara yake hufika chini ya sehemu ya mbele ya ubongo na kuingia moja kwa moja kwenye amigdala, inayohusika na hofu, raha na uchungu. Hapo jirani iko hipokampasi, ambayo kazi yake kubwa ni kumbukumbu. Ndiyo maana harufu inaweza kukutoa machozi kabla hujajua hata ni harufu ya nini. Binadamu tuna aina 400 hivi za vipokezi hivyo, na Wamarekani Linda Buck na Richard Axel, walioeleza mwaka 1991 jeni zinazovitengeneza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004.

Liko jambo jingine ambalo wanasaikolojia wameliona, nalo kwangu ndilo kubwa. Mtu mzima akipewa neno au picha imkumbushe maisha yake, mara nyingi huibua mambo ya ujanani. Akipewa harufu, hurudi nyuma zaidi, kwenye utoto, kabla ya kufikisha miaka 10.

Sasa jiulize utoto wa mzee wako ulinukia nini. Wake yeye, si wa kwako wewe. Kwangu mimi ni salfa, ule unga wa manjano unaopulizwa mikoroshoni kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, uliokuwa ukituganda kwenye nywele na sare za shule. Lakini aliyezaliwa Newala au Nachingwea kabla ya Uhuru hakukulia kwenye salfa. Yeye mpelekee bibo, tunda la mkorosho, lililoiva hadi likaanza kuchachuka, makopa yaliyoanikwa, ufuta unaokaangwa, ming'oko, vile viazi vya porini, inayotokota. Wa Mikindani au Kilwa mpelekee ng'onda wa samaki, ubani, udi uliofukizwa kwenye kanga.

Nimeliona hili kwa bibi yangu, Tandahimba. Picha zilikuwa zimekwisha kumshinda, na majina yetu alikuwa anayachanganya. Siku hiyo vijana walikuwa wanachoma korosho uani kwa njia ya kienyeji, kwenye kipande cha bati kilichotobolewa matundu, juu ya mafiga. Anayezijua anajua: ganda likipata moto linatoa mafuta, mafuta yanawaka, moshi mweusi unapanda na kuwasha macho. Bibi alikuwa amekaa barazani, mbali kidogo, kimya. Upepo ulipogeuka akainua kichwa.

"Nyie! Mchanga! Mwageni mchanga, zinaungua!"

Na kweli zilikuwa zinaungua. Kijana akapindua bati, akazimwagia mchanga uzime moto na kunyonya yale mafuta. Bibi hakuishia hapo. Akauliza jivu la kupaka mikononi wakati wa kubangua liko wapi, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi. Akamtaja dada yake aliyefariki zamani, akasema huyo ndiye aliyekuwa mkali wa kubangua bila kuvunja. Kisha akatuambia shamba lenyewe lilikuwa mahameni, kwenye makazi ya zamani waliyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipokusanywa kwenye vijiji vipya miaka ya 1970, na mikorosho yao ikabaki porini. Mama yangu, binti yake wa kumzaa, alikuwa hajawahi kusikia habari za shamba hilo.

Sidai kwamba harufu ni tiba. Aliyoyasema bibi siku ile yalikuja na kwenda, na jioni aliniita kwa jina la mjomba. Pia si kila kumbukumbu inayoletwa na harufu ni sahihi kwa sababu tu inakuja na hisia nzito. Mambo ya mipaka ya mashamba na urithi yasiamuliwe kwa moshi wa korosho. Kumbukumbu nyingine zinauma, na mzee akigeuza uso, ondoa kitu hicho, usimshurutishe.

Kinachonipa haraka ni kwamba pua nayo inazeeka. Kuanzia miaka 60 hivi wengi huanza kupungukiwa na uwezo wa kunusa, na katika Alzheimer's, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, upungufu huo huanza mapema. Kwa hiyo anayesubiri mpaka mzee asahau kabisa ndipo ampelekee bibo, huenda akakuta mlango umefungwa. Mzee akilalamika kwamba mboga siku hizi hazina ladha, tumezoea kusema amekuwa msumbufu. Asikilizwe, apelekwe kwa daktari. Inaweza kuwa mafua tu au dawa anazotumia, lakini ichunguzwe.

Msimu wa korosho unaanza Oktoba, na wengi wetu tutarudi vijijini. Kabla magunia yote hayajakwenda chama cha msingi cha ushirika, bakiza kilo mbili za korosho ghafi. Zichome uani, mahali pa wazi, mzee akae upande moshi usikokwenda, harufu tu imfikie. Weka simu mezani inarekodi, na picha ziache kwanza. Usimuulize "unakumbuka?", maana hilo swali limeshamchosha. Muulize nani alikuwa anachoma kwao, na nani alikuwa anazila kabla hazijapoa.