Jike Naye ni Mbwa

Mbeya hii mtu akitafuta mtoto wa mbwa, swali lake la kwanza ni "Dume yupo?" Majike hawaulizwi. Mbwa akizaa huku Uyole au kule Mwanjelwa, madume wanaombwa wangali wananyonya, majike wanatiwa kwenye kiroba na kutupwa kando ya soko au dampo. Na hii baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua wenyewe.

Kuna mama jirani yetu huwaokota. Hana mfadhili, ana ua, mabanda ya mabati na sufuria la ugali wa dagaa. Sasa anahamia nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa. Wengine wamepata pa kwenda, amebaki mmoja: jike wa rangi ya udongo, miezi kama mitano, sikio moja limesimama, jingine limelala. Hadi mwisho wa mwezi awe amepata kwao. Ningemchukua mimi, ila kwangu wapo wawili na mke wangu ameshatoa hukumu.

Waliokuja kumwona wamesema yale yale: jike halindi, tena atajaza watoto. La kulinda silikubali hata kidogo. Mwizi akigusa geti, anachokiogopa ni kubweka, na jike anabweka. Dume ambaye hajahasiwa ndiye anayeruka uzio kufuata majike wa mtaa wa pili, nyumba ikabaki haina mlinzi usiku kucha.

La watoto lina ukweli. Jike anaweza kupata joto akiwa na miezi sita tu, na mimba ya mbwa ni kama siku 63, kwa hiyo ukizubaa una watoto uani kabla mwaka haujaisha. Lakini daktari wa mifugo anamfunga kizazi, mambo yakaisha. Ulizia bei mapema, maana hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Chanjo ya kichaa apewe kama bado hajapata, na dawa ya minyoo.

Chanjo hiyo si ya kuifanyia mzaha. Mbwa wakizidi mtaani watu hukimbilia risasi na sumu, wakati Shirika la Afya Duniani limeshasema kinachozuia kichaa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, si kuwaua. Na tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ingawa ukiitaja kijiweni watakucheka.

Atakayemchukua amtengenezee pa kulala: mbao na gunia kavu, asilale kwenye sakafu ya saruji. Siku za mwanzo atajificha. Mwacheni, watoto wasimvute mkia. Ugali wa dona na dagaa anakula vizuri, ila msimmwagie mabaki ya mchuzi wenye vitunguu, ni sumu kwake, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, hupasuka ikawa na ncha kali. Kama unataka mbwa wa kufunga mnyororo kutwa nzima, au wewe ni mtu wa kwenda shamba Kyela miezi miwili na kufunga nyumba, tafadhali huyu muache.

Mwenye nia aje na kamba na usafiri wake. Makondakta wa daladala hawatakubali, ila wa bajaji ukiongea nao vizuri wanaelewa.