Coastal Union kuuza wachezaji, kosa liko wapi hasa?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa maneno kuhusu timu yetu ya Tanga ni yale yale, Coastal wameuza tena, Coastal ni shamba la Simba na Yanga. Najua yanatoka wapi, hata mimi yananiuma. Julai 2022 pale Arusha, fainali ya Kombe la FA, mshambuliaji wetu Sopu kapiga hat-trick (mabao matatu) peke yake dhidi ya Yanga, mechi imeisha 3-3, tukafa kwa penati, na hata machungu hayajaisha dogo kashasaini Azam. Mwamnyeto alikuwa nahodha wetu, 2020 akaenda Yanga. Ongeza na 2016, Coastal, African Sports na Mgambo zote zimeshuka daraja msimu mmoja, Tanga nzima ikabaki bila timu ligi kuu. Mtu wa Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini, akikasirika huwezi kumlaumu.

Ila wanaolaumu wanaongea kama vile klabu ina uwezo wa kukataa na haitaki. Mchezaji akitaka kuondoka, ukigoma kumuuza, mkataba ukibaki miezi sita anasaini kwingine halafu anaondoka bure. Hapo umebaki na msimamo wako tu, hela hakuna na mchezaji hakuna.

Halafu kuna hii ya 1988, mwaka tuliobeba ubingwa wa Bara, ambayo watu wanaitaja kama fimbo ya kuwachapia viongozi wa sasa. Angalieni nani kabeba baada yetu: Yanga, Simba, Mtibwa mara mbili 1999 na 2000, Azam 2014. Basi. Mtibwa nyuma yao kulikuwa na kiwanda cha sukari, Azam wana kampuni. Yaani klabu ya wanachama kutoka mkoani iliyobeba ubingwa wa Bara baada ya Coastal HAKUNA, hata moja, miaka zaidi ya 30 yote hiyo. Kabla yetu walikuwepo, Mseto ya Morogoro 1975, Tukuyu Stars 1986, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi halafu ukafungwa kwa wote, siyo kwa Wagosi, yaani sisi Coastal, peke yao. Enzi zile Tanga ina viwanda, ina mkonge, ina bandari yenye pilika, mchezaji anapata ajira mjini na anakuwa na sababu ya kubaki. Viwanda vikafa, mshahara mnono ukabaki Dar, sasa unamwambia kijana wa miaka 21 abaki kwa ajili ya jezi?

Na kuuza hakujatuua. Msimu wa 2023/24, Sopu hayupo, Mwamnyeto hayupo, tukamaliza nafasi ya nne, kipa wetu Matampi akaongoza ligi kwa clean sheet 15 (mechi bila kufungwa bao), kampita hadi Diarra, kipa wa Yanga. Tukarudi mashindano ya Afrika baada ya miaka zaidi ya 30. Sawa, Bravos ya Angola wakatutoa mapema, lakini timu iliyokufa haifiki huko.

Penye hoja ya kweli upande wa pili ni hela zinakwenda wapi baada ya mauzo, na hapo nipo nao kabisa, mwanachama asomewe mahesabu, siyo aambiwe tu tumeuza. Uwanja wa Mkwakwani tunaotumia nyumbani siyo wetu, ni wa CCM, na 2024 ulipokuwa kwenye matengenezo tukawa tunacheza mechi za nyumbani nje ya Tanga, hapo kiingilio cha maana utakipata wapi? Kwa hiyo badala ya kupiga kelele fulani asiuzwe, tubane kwenye mkataba wa mauzo wenyewe, kila dogo anayeondoka Coastal ibaki na asilimia ya mauzo yake ya baadaye, na fungu linalojulikana liende timu ya vijana. Hilo ndilo swali la kuwauliza viongozi mkutano mkuu ujao, tena waulizwe kwa maandishi.