Shule rafiki ya ng'ambo ikichanga, na watoto wetu wachange

Kuna jambo linanikera katika namna shule zetu za huku Dodoma zinavyopokea michango ya wanafunzi wa shule rafiki za ng'ambo. Mchango wenyewe naushukuru kwa moyo wote. Mtoto wa Uingereza anayetoa hela ili siku moja ya mchango aende shule bila sare, au wa Ujerumani anayekimbia kuzunguka uwanja huku shangazi na majirani wakimlipia kila mzunguko, ametoka jasho kweli kwa ajili ya watoto asiowajua. Ila huku kwetu mtoto hana kazi yoyote katika shughuli hiyo. Anapangwa mstari, anaimba, anapigwa picha, anapewa kalamu, basi. Mwaka hadi mwaka anajifunza kwamba kutoa ni kazi ya watu wengine.

Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule. Ninachotaka ni kwamba shule mbili zikiwa na urafiki ziwe na lengo moja, wa kule wachange na wa huku wachange, na hesabu za pande zote mbili zibandikwe kwenye ubao mmoja.

Najua nitakachoambiwa: sisi tutachanga nini? Tena tangu Januari 2016 elimu ni bila malipo, na hakuna mtoto anayepaswa kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Hilo libaki hivyo hivyo, na mwalimu asishike daftari la wadaiwa. Lakini tusijidanganye kwamba ruzuku inamaliza kila kitu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo humo kuna sehemu ya vitabu. Kinachobaki kinanunua chaki na karatasi za mitihani. Choo kikititia, ruzuku hiyo haikifikii.

Na kuchanga kwa hiari watu wetu wanakujua. Pita Chamwino, Bahi, Kongwa, utaona maboma ya madarasa yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta. Wenye mkokoteni walileta mchanga, akina mama wakabeba maji kichwani, vijana wakafyatua tofali. Shida iko kwenye majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na Januari na Februari ndiyo miezi ambayo ghala la Mgogo limekauka. Kumwomba mzazi mchango Januari ni kumtesa. Njoo Juni au Julai, mtama umepurwa, karanga zimeng'olewa, alizeti iko kwenye magunia. Wakati huo kopo moja la karanga kutoka kwa mtoto aliyejaliwa halimuumizi mtu, na makopo ya shule nzima yanajaza magunia. Mahindi yana soko Kibaigwa, alizeti ina mashine za kukamua karibu kila mji mdogo. Aliye na kopo alete kopo, asiye nalo alete ndoo ya mchanga kutoka korongoni, na majina yote yaandikwe kwenye orodha moja.

Faida kubwa ninayoiona haiko hata kwenye hela. Shule ikichanga chake, inapata mdomo wa kusema inachotaka. Nilikuwepo ofisini kwa mwalimu mkuu siku maboksi ya msaada yalipofunguliwa. Yalikuwa na makoti mazito ya manyoya, vitabu vya hadithi vya Kiingereza kwa watoto wanaosoma masomo yao kwa Kiswahili, na printa ambayo wino wake hatukuupata duka lolote mjini. Koti moja alilichukua mlinzi na analivaa mpaka leo, maana usiku wa Julai hapa Dodoma una baridi yake. Vitabu viko kabatini. Wale watoto walikusanya kwa upendo, na nauli ya maboksi pamoja na gharama za kuyatoa bandarini zililipwa na mtu. Hakuna aliyekuwa ametuuliza. Na sisi hatukuwa na orodha ya kumpa hata kama angeuliza.

Orodha hiyo waanze kuiandika watoto wenyewe. Mwongozo wa serikali unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu hiyo ni ya kugawanya tu, darasa la tano wanaiweza. Wahesabu wasichana wa shule, wagawanye kwa 20, wakahesabu matundu yaliyopo, watoe. Halafu wasichana wa madarasa ya juu wakae na mwalimu wa kike, bila sisi wajumbe wanaume, waseme kinachokosekana. Nina binti, na yaliyokosekana shuleni kwao nimeyasikia nyumbani, kamati haikuwahi kuyasikia: komeo la ndani ya mlango, ndoo ya maji isiyokauka saa nne asubuhi, chumba cha kubadilishia, mahali pa kuchomea taka. Komeo ni la bei ndogo dukani. Lakini msichana anayekaa nyumbani siku nne kwa sababu mlango haufungi amepoteza masomo ya siku nne, na hakuna boksi la ng'ambo lililowahi kuja na komeo.

Yapo na ya kukarabati. Mwaka 2016 nchi nzima ilihangaikia madawati, na Bunge, hapa hapa Dodoma, likabana matumizi yake na kutoa shilingi bilioni 6. Leo nyuma ya madarasa ya shule ninazozifahamu kuna lundo la fremu zilizokatika miguu. Wafadhili hupenda kununua jipya kwa sababu linapigika picha. Fundi wa kuchomelea na ubao mmoja wangerudisha mengi darasani, na kazi hiyo tunaiweza kwa makopo yetu. Hela za shule rafiki ziingie akaunti ya shule na zikatiwe stakabadhi, kisha ziende kwenye bati, saruji na nondo za kununuliwa kwa wauzaji wa hapa.

Kuhusu picha nina neno moja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto ni nyeti kisheria. Mzazi aulizwe kwanza. Binafsi ningependa kule wapelekewe picha ya choo kikipauliwa na ya watoto wakibeba mchanga. Sura ya mtoto mwenye makamasi aliyeshikishwa bango la shukrani tuiache.

Barua ya kueleza matumizi kwa shule rafiki nayo waandike wanafunzi, kwa Kiswahili kwanza, mwalimu wa Kiingereza awasaidie kuigeuza. Waseme magunia yaliuzwa bei gani, saruji ilikwenda mifuko mingapi, na kilichobaki ni kiasi gani. Wawaulize na wenzao walichanga vipi na walikutana na ugumu gani, maana hata wao walihangaika.

Hoja hii nitaipeleka kwenye kikao cha kamati kabla ya likizo ya Juni, ili makopo yaanze kukusanywa shule zikifunguliwa. Walimu wakuu wenye shule rafiki ng'ambo, kama barua ya maombi ya mwaka huu bado hamjaituma, wapeni kwanza darasa la tano daftari wakahesabu matundu.