Kurekebisha Katiba Ili Kulinda Haki: Tunaongeza Maneno au Tunaongeza Nguvu?

Huku Mbeya ukikaa kijiwe chochote cha bajaji, iwe Kabwe au Mwanjelwa, ishu ya katiba ikiguswa tu watu wanagawanyika hapohapo, hawa wanataka ibara za haki zirekebishwe ziwe kali, wale wanasema zilizopo zinatosha, shida ni watekelezaji. Mi naona wote wana pointi ila mzigo wenyewe wanaupita pembeni.

Wa "zinatosha" kwanza. Haki za msingi ziliingia kwenye Katiba ya 1977 kwa marekebisho ya tano, mwaka 1984, na hata hapo zikawekwa kiporo, huruhusiwi kuishtaki serikali kwa haki hizo mpaka Machi 1988 eti ipate muda wa kusafisha sheria zake (ilisafisha nini sasa, maana tume ya Jaji Nyalali, ile ya kuangalia mfumo wa vyama, ilikuja kuorodhesha sheria 40 mbovu). Mwaka 2005 ibara ya 18 ya uhuru wa maoni ikaboreshwa, ule mkia wa kuifunga kwa sheria za nchi ukakatwa, kwenye karatasi safi kabisa. Septemba 2012 mwandishi Daudi Mwangosi akauawa kwa bomu la machozi pale Nyololo, Mufindi, akiwa kazini, mikononi mwa polisi. Februari 2018 Sugu (Joseph Mbilinyi), aliyekuwa mbunge wetu wakati huo, akahukumiwa miezi mitano kwa maneno ya jukwaani dhidi ya Rais. Ibara ipo na imeshaboreshwa, na bado.

Ila jamaa hawa wanasahau kwamba bila ibara huna hata cha kushika mahakamani. Kesi ya Daudi Pete, 1991, Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu cha kunyima dhamana kwa sababu ya Katiba. Ile ya mwanaharakati Rebeca Gyumi 2016 ikaangusha vifungu vya Sheria ya Ndoa vya kuozesha mabinti chini ya miaka 18, rufaa ya serikali ikagonga mwamba 2019. Kweli serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria na mwaka ukapita hivihivi, lakini hukumu ipo.

Sasa mzigo wenyewe ni kesi ya mwanasiasa Mchungaji Mtikila. Oktoba 1994 Mahakama Kuu Dodoma ilisema mgombea binafsi, yaani kugombea bila chama, ni haki ya raia, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha marekebisho ya Katiba yenyewe kuifunga hiyo njia, yaani mahakama inakupa haki, wao wanabadilisha kitabu ambacho hakimu anasomea. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaja kusema 2013 kwamba Tanzania imekosea, na 2019 serikali ikajitoa kwenye utaratibu wa raia kwenda kuishtaki kule moja kwa moja. Kubadilisha kitabu hivyo kunawezekana kwa sababu ibara ya 98, ile ya kurekebisha Katiba, inataka theluthi mbili tu ya wabunge wote, na chama tawala theluthi mbili wanayo miaka nenda rudi. Haki zako hazihitaji kura yako kuondolewa.

Kuna jamaa wakili aliniambia tusiilaani sana ibara ya 98, kwamba haki zenyewe 1984 zilipitia mlango huohuo, Bunge la chama kimoja, tungesubiri kura ya maoni tungekuwa tunasubiri mpaka leo. Siwezi kumbishia, kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, ile rasimu ya Katiba mpya, ilipangwa Aprili 30, 2015 na haikufanyika. Ila kuongeza haki na kupunguza haki si kitu kimoja, kuongeza theluthi mbili ziishe nayo, kupunguza waje watuulize.

Halafu 2020 wakabadilisha na sheria ya kufungua hizi kesi, ikawa lazima uape kuonyesha wewe binafsi umeumizwaje, kwa hiyo bibi yako wa Makete akionewa na hana uwezo wa kwenda mahakamani, wewe ukawa huwezi kumsemea kirahisi. Wakija kutuuliza tuanzie wapi, mi nasema ibara ya 98 na hiyo sheria, ya 18 waiache ilivyo.